Spidi ya Tisini na Saba

Kwenye ubao wa klabu yetu kuna namba 97, imeandikwa kwa chaki ya njano, na chini yake kuna cheo changu: Bingwa wa Spidi. Naomba uuelewe ukubwa wa heshima hii. Klabu ina wanachama kumi na mmoja, wote watu wazima wenye nyumba, wake na presha ya kupanda. Kila Jumamosi asubuhi tunabeba mashua za rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu, tunaenda nazo kwenye bwawa la maji ya mvua nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Tunasimama ukingoni kwa uzito wote, kama madaktari wa upasuaji, na tunashindana ya nani itakimbia zaidi bila kupinduka. Zawadi hakuna. Kuna ubao tu, na kwa ajili ya huo ubao kuna watu wameacha kusalimiana.

Mimi ni fundi wa mashine za fotokopi. Kutwa nzima nachomoa karatasi zilizokwama na kuwasikiliza makarani wakiniapia kwamba mashine imejiharibikia yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo mtu akiniita bingwa, hata kama ni mbele ya watu kumi na bata wawili, sikatai.

Namba hiyo ni ya uongo. Nakuambia mapema usije ukanionea huruma huko mbele.

Mashua zetu zina miguu miwili pembeni na handaki katikati. Nyuma imefungwa mashine ndogo yenye propela, inaning'inia nje kama ile ya boti kubwa. Ukiipa moto, hewa inaingia kwenye handaki na kuibeba mashua, inabaki kugusa maji kwa ncha tu, na hapo ndipo spidi inapopatikana. Hewa ikizidi kidogo, pua inanyanyuka na mashua inaamua kuwa ndege. Ujuzi wote wa mchezo huu uko hapo katikati. Unasogeza betri mbele ili itulie, inapoteza spidi. Unairudisha nyuma upate spidi, inaanza kurukaruka. Unapandisha mashine milimita mbili, unashusha moja, unasugua kingo za miguu hadi ziwe kali kama kisu, halafu unarudi nyumbani umelowa na mkeo anauliza imekuwaje, unasema imekuwa vizuri.

Jumamosi moja mwaka jana wenzangu wote walikuwa wameligeuzia bwawa kisogo, wanamsikiliza Mwenyekiti akisoma kanuni mpya ya kupanga foleni ya kuingiza mashua majini. Mwenyekiti ni mtahini mstaafu wa leseni za udereva, na hajawahi kukutana na kanuni asiyoipenda. Mimi nilikuwa pembeni najaribu betri ikiwa nyuma kabisa na mashine nimeipandisha milimita nane. Mashua ikapita mbele yangu, ikanyanyua pua, ikajipindua mzima mzima hewani. Kisha, kwa bahati ambayo sijawahi kuipata kwenye jambo lolote la maana maishani mwangu, ikatua kwa tumbo na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kitu.

Nikaileta ukingoni. Ndani yake kulikuwa na kipimaspidi, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachosoma satelaiti na kuhifadhi spidi kubwa kuliko zote. Kilikuwa kinasema kilomita tisini na saba kwa saa. Rekodi ya klabu wakati huo ilikuwa themanini na nne. Nikaanza kuwaita watu kabla akili haijanifikia, na ilipofika, Mwenyekiti alikuwa ameshaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino.

Nilipofika nyumbani nilitoka uani na kile kidude, nikakirusha juu huku kikibiringika, nikakidaka. Kikasoma sitini na nane. Nilikirusha kwa mkono huu huu unaoshindwa kufungua chupa ya jemu. Kumbe kikipinduka kinapoteza satelaiti, na kama karani yeyote aliyepoteza karatasi, kinabuni. Baada ya hapo niliijaribu mashua yangu mara arobaini, peke yangu, siku za kazi. Haikuwahi kupita themanini na moja.

Sasa, rekodi ile ya themanini na nne ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ni mfamasia. Klabuni tunamwita Gramu, kwa sababu hupima kila skrubu kwenye mizani ya dawa kabla ya kuifunga, na kama skrubu imezidi anaitafutia nyingine. Mtu mwingine angenuna. Yeye alikuja kunishika mkono, akasema, "Hongera, shemeji, umetuamsha," akatoa kijitabu mfukoni na kuniuliza betri ilikuwa wapi, mashine ilipanda kiasi gani, propela ya aina gani. Nikamjibu kila kitu kwa ukweli mtupu. Hilo ndilo jambo pekee nililosema kweli mwaka ule, na ndilo lililoleta balaa, maana mipango niliyompa ilikuwa ni mipango kamili ya kupindua mashua.

Mashua yenyewe haikuwa mashua ya kuchezea hivyo. Sisi wengine tumenunua za plastiki, zimetoka kiwandani kwenye boksi. Ya shemeji ilichongwa na marehemu baba yake, seremala wa milango, katika miezi saba ya mwisho, wakati hawezi tena kusimama kwenye meza ya kazi. Aliichonga kitandani, kibao kimewekwa juu ya magoti, na dada yangu kila jioni anakung'uta shuka zimejaa maranda. Mbao zake nyembamba hadi ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mzee hakuwahi kuiona majini. Ilikuwa inatulia kuliko mashua zote bwawani, inakata kona kama imewekewa reli, na kwa mwaka mzima shemeji akaikalia kuiharibu ili ifike tisini na saba.

Wiki ya mashindano ya mwisho wa msimu, Jumatano mchana, dada aliingia kwenye kibanda changu cha kazi. Yeye ni muuguzi, alikuwa bado na sare. Akasogeza mashine niliyoifungua, akakaa juu ya katoni la karatasi.

"Mume wangu amesogeza betri tena," akasema.

"Kwenda mbele?"

"Usinichekeshe. Jana ilipinduka mara mbili. Mara ya pili mguu mmoja ulipata ufa, ameupaka gundi. Mdogo wangu, tangu mzee aondoke huyu mtu hajalia. Msibani alikuwa anapanga viti. Mambo yote ya baba yake ameyaweka kwenye ile mashua, na sasa anataka kuivunja kwa ajili ya namba yako."

"Si yangu, ni ya klabu," nikasema, kama vile hiyo ndiyo hoja.

"Mwambie aache. Atakusikiliza wewe, ndiye bingwa."

Alilisema neno bingwa bila kejeli yoyote, na hapo ndipo liliponichoma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaongea naye. Akanishukuru. Akanikumbusha nile chakula cha mchana, akaenda zake kazini, na mimi nikabaki natazama matumbo ya mashine ya watu kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

Ijumaa nikaenda dukani kwake. Nyuma ya rafu za dawa ana chumba kidogo chenye sinki, mizani na meza moja, na juu ya meza mashua ilikuwa imelazwa kwenye taulo safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Shemeji alikuwa ameiegemeza juu ya penseli mbili kutafuta pale inapolingana uzito. Ililingana nyuma sana. Hata mimi niliona.

"Rudisha betri mbele, shemeji," nikasema. "Sentimita tatu. Ushushe na mashine. Utapata themanini na tano, themanini na sita, na itatulia."

"Wewe ulipata tisini na saba."

"Ilikuwa bahati."

"Bahati haiongezi kilomita kumi na tatu," akasema kwa upole, kama anavyowaambia wateja wanaotaka kumeza vidonge viwili viwili. "Nimepiga hesabu. Bahati inaongeza mbili, tatu. Kuna kitu ulikifanya wewe, na sikioni. Nakitafuta mwaka mzima."

Nakuapia nilikuja na nia. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani, maneno nimeyapanga: shemeji, ile mashua yangu iliruka, kidude kilidanganya, na mimi nikajikausha. Ni maneno kumi tu. Nikafungua mdomo.

"Ile namba," nikasema, "ile namba, shemeji..."

Akaacha kazi. Akachukua penseli moja chini ya mashua, akafungua kijitabu, akasubiri. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hajawahi kumsubiri mwalimu vile. Nikaiona sura yangu kwenye kabati la kioo la dawa za kikohozi, sura ya bingwa, na nikaona jinsi itakavyokuwa Jumamosi, Mwenyekiti anasimama na dasta, watu kumi wananitazama.

"Ile namba upepo ulikuwa nyuma yangu," nikasema.

Akaandika. Akapigia mstari. "Nyuma yako," akarudia, na uso wake ukafunguka. "Basi ndiyo hiyo. Mbona hukuniambia siku zote?"

Niliondoka pale nikijiambia kwamba angalau nimejaribu. Ndivyo wanavyosema makarani pia.

Jumamosi upepo ulikuwepo. Ulikuwa unavuma kutoka upande wa bomba la moshi la kiwanda kwenda upande wa matete, si mkali, lakini maji yalikuwa yamekunjamana. Kanuni ya mashindano ya mwisho wa msimu, bila shaka ni ya Mwenyekiti, inasema mashua iende hadi boya la mwisho, igeuke, irudi, ndipo kipimo kisomwe. Kwa hiyo atakayepata upepo nyuma wakati wa kwenda ataukuta usoni wakati wa kurudi. Kitu hicho anakijua hata bata. Shemeji alikijua pia, lakini alikuwa amepewa siri na bingwa, na siri ya bingwa ni kubwa kuliko upepo.

Dada alikuja siku hiyo, jambo ambalo hafanyi. Alileta kiti chake na beseni la barafu na soda kwa ajili ya wote. Alinitazama mara moja tu, nikainua kidole gumba. Sijui nilikuwa namaanisha nini.

Walitangulia wengine. Mmoja alipata sabini na sita, mmoja alipinduka kwenye boya akatukana, mwingine betri ilimfia katikati ya bwawa. Ya kwangu nilisema ina hitilafu ya waya. Zamu ya shemeji ikafika. Aliishusha majini mwenyewe, amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini, akaiacha taratibu. Nilisimama pembeni yake kwa sababu aliniomba.

Kwenda, ilikuwa nzuri mno. Upepo ulikuwa unaisukuma na kuituliza, inagusa maji kwa ncha mbili tu, mlio wa mashine mwembamba na mmoja, hauyumbi. Hata wale waliokuwa wananyanyua soda wakazishusha. Nikaona midomo ya shemeji inatembea, nadhani alikuwa anahesabu. Ikafika boya, ikakata kona kama imewekewa reli, ikaelekeza pua kwetu na kwa upepo.

Pua ikaanza kutikisika. Kidogo tu, mtu asiyejua asingeona.

"Punguza moto, shemeji," nikasema.

"Wewe ulipunguza?" akauliza bila kuyatoa macho majini.

Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua. Kama ningesema neno moja, lolote, ile mashua leo ingekuwa mezani kwake. Nikakosa jibu, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu. Akabana rimoti hadi mwisho.

Iliruka juu kuliko ile yangu. Ilienda juu, ikasimama kwa mkia, upepo ukaikamata tumboni, ikajipindua mara mbili na kushuka kwa mgongo kwenye maji. Ule mlio si wa maji. Ni mlio wa mbao nyembamba. Mguu mmoja ulienda upande wake, handaki likafunguka, na betri ikazama pale pale ilipoangukia.

Mwenyekiti akamtuma mtu na tairi la kuelea akaokote. Dada alishamwaga barafu kwenye majani na kupeleka beseni ukingoni. Alikuwa anapokea vipande na kuvipanga kwa mpangilio, kikubwa chini, vidogo juu, kama anavyopanga vyombo vya wodini, na kila alichokipokea alikipangusa maji kwa upindo wa kitenge chake.

Kipimaspidi kilikuwa kimebaki kwenye kipande cha nyuma. Mwenyekiti akakichomoa, akavaa miwani, akaisogeza miwani, akasoma.

"Mia moja na tatu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Nitakuambia ukweli, hata mimi nilishusha pumzi. Nikasema moyoni: heri. Namba yangu imefutika, shemeji ni bingwa, kapoteza mashua lakini kapata alichokitaka, na hakuna atakayeuliza swali. Uongo umelipwa kwa uongo, tufunge hesabu, twende nyumbani. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua daftari na kuichomoa kalamu ya wino.

"Usiandike," shemeji akasema.

Alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, rimoti bado mkononi, taa yake inawaka, inaita mashua isiyokuwepo.

"Hiyo imesomwa hewani," akasema. "Kifaa kikipinduka hakisomi, kinakisia. Sijui ilikuwa ngapi kabla haijaruka. Kwa hiyo andika haikupatikana."

"Lakini kanuni haikatazi," Mwenyekiti akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amesikitika kuhusu kanuni. "Gramu, umevunja mashua. Chukua namba yako."

"Nikiwa dukani na mizani imeanguka chini, siwezi kumpa mtu dawa kwa kipimo ilichoonyesha ikianguka. Andika haikupatikana."

Mmoja akakohoa. Dada alikuwa amesimama na beseni, anamtazama mumewe kwa namna ambayo mimi sijawahi kutazamwa na mtu, na simshangai yeyote.

Mwenyekiti aliandika. Kisha, kwa kuwa hawezi kuona shimo asilizibe kwa kanuni, akapendekeza kwamba kuanzia siku hiyo kipimo cha mashua iliyopinduka kisihesabiwe, na iandikwe kwamba pendekezo limetokana na mwenzetu Gramu. Akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka mikono yote. Na wangu ulikuwemo, tena sikuwa wa mwisho.

"Basi rekodi inabaki tisini na saba," akasema Mwenyekiti, akafunga daftari.

Shemeji akatoka majini. Alichukua beseni kwa dada, akalikumbatia kwa mikono miwili, akapanda ukingo kuja niliposimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa yanalengwalenga machozi, na hakuwa anayaficha. Nilijua ninachotazama: dada alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu msibani, na mimi ndiye niliyelileta, kwa njia hii.

"Yako ni ya haki, shemeji," akasema. "Sasa ndiyo naelewa kazi uliyoifanya. Mimi nilipata spidi, kutulia nikashindwa. Wewe uliipeleka huko na ikatulia. Nikitengeneza nyingine utanionesha?"

Maneno yangu kumi yalikuwa bado yapo, nayakumbuka yote kwa mpangilio wake. Nyuma yake niliwaona watu wanafungasha, na dada anatuangalia, amefurahi kwamba angalau tunaongea.

"Nitakuonesha," nikasema.

Alitaka kunipa mkono wa pongezi, lakini yote miwili ilikuwa imeshika beseni. Nikampokea beseni, ili apate mkono wa kunipa.